Sitini na Tatu Kati ya Hamsini

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Nimeonewa. Nianzie hapo.

Saa tatu asubuhi mkuu wa ofisi yetu ametuita wote chumba cha mikutano. Sisi tunamwita Mama Kalenda, kwa sababu hawezi kukupa hata pole bila kutaja tarehe. Ametangaza kwamba programu zote za maghala tunazowaandikia wateja zinahamia lugha mpya. Lugha yenyewe imejaa mabano. Mabano ndani ya mabano, kama sufuria za dukani zilizopangwa moja ndani ya nyingine. Kabla ya saa nne ofisi ilikuwa imeshaibatiza: Mabano.

Kuna maswali 50 ya kujifunzia. Siku kumi za kazi. Mwisho ni Ijumaa tarehe 14, saa sita mchana. Atakayefikisha 35 anabaki chumba hiki cha waandishi wa programu. Asiyefikisha anarudi dawati la simu.

Anarudi! Neno hilo amelisema huku macho yakiwa kwangu. Chumba kizima, mimi peke yangu ndiye niliyetokea huko. Miaka sita nimepokea simu za watu wenye skrini nyeusi. Miaka sita ya kuuliza kama waya umechomekwa. Programu nimejifundisha mwenyewe, saa za chakula cha mchana, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Sina digrii. Jirani yangu wa meza anazo mbili, na haipiti asubuhi hajazitaja, ndiyo maana anaitwa Digrii Mbili.

Hesabu: 35 kwa siku 10 ni matatu na nusu kwa siku. Mchezo wa watoto.

Nimefanya leo: 0. Lakini utangulizi nimeusoma wote.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Swali la kwanza: geuza orodha, wa mwisho awe wa kwanza. Nikasema hili nalimaliza kabla chai haijapoa. Chai imepoa. Kikombe kimeondolewa. Kimeletwa kingine, nacho kimepoa.

Ubaya wa Mabano ni kwamba vitu havibadiliki. Ukishasema hiki ni tano, ni tano mpaka kiama. Huongezi moja. Huipitii orodha mmoja mmoja ukihesabu kama mtu mwenye akili timamu. Kila kitu ni kanuni: unaiingizia kitu, inakutolea kitu kipya, na kile cha zamani kinabaki palepale kinakutazama. Ukitaka kurudia jambo, kanuni inajiita yenyewe. Yangu ilijiita, ikajiita, ikajiita, mpaka kompyuta ikaganda na mimi nikagandia hapo hapo.

Saa nne na dakika ishirini kwa swali moja! Lakini limekubali. Nimepiga meza kwa furaha. Kazi ya mkono wangu, bano kwa bano. Kwenye skrini kubwa ya ukutani, inayoonyesha alama za kila mtu, jina langu limeandikiwa 1. La Digrii Mbili limeandikiwa 6. Akaniambia kwa upole kwamba haya waliyafanya mwaka wa kwanza chuoni. Wa digrii ya kwanza, akafafanua. Sikuwa nimeuliza.

Hesabu: saa 4 na dakika 20 mara maswali 34 yaliyobaki ni saa 147 na dakika 20. Siku zilizobaki ni nane, saa nane kila siku: 64. Hapa haihitajiki digrii.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimepata njia!

Nimechungulia mbele. Kuanzia swali la 33 hadi la 50 ni habari ya makro tupu. Makro ni programu inayoandika programu. Unaipa agizo, nayo, kabla kompyuta haijaanza kazi, inakaa chini inakuandikia. Nimeisoma sentensi hiyo mara tatu. Nikasimama. Nikakaa. Sasa mtu ahangaike kuandika majibu mengi kwa nini, wakati anaweza kuandika kitu kimoja kinachoyaandika yote?

Kila swali katika yale 32 ya mwanzo lina faili la majaribio. Mfano: ukipewa 4, toa 16, ukipewa 5, toa 25. Basi makro yangu italisoma faili hilo na kuandika kanuni: ukiona 4 sema 16, ukiona 5 sema 25, ukiona kingine nyamaza. Hakuna kufikiri. Masharti nimeyasoma mara mbili, hakuna palipokatazwa.

Makisio: saa 3 za kuandika makro, kisha dakika moja kwa kila swali.

Koridoni nimekutana na mzee tuliyekuwa naye dawati la simu. Mzee Haloo. Hata ukimpa mkono anasema haloo. Ameuliza nimefika wapi. Moja, nikamwambia. Akasema nisijali, kiti changu kipo. Alikuwa anakitumia kuwekea kikapu chake cha chakula lakini atakiondoa. "Na nitakifuta vumbi, mwanangu."

Sikulala... hapana, nimelala vizuri. Lakini kile kitambaa cha kufutia vumbi nimekiota.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Makro: saa ya 11. Si kosa langu. Bano moja lilipotea na kulitafuta kati ya mabano 214 ni sawa na kutafuta punje iliyooza kwa kuula mchele wote.

Nimefika nyumbani nikamkuta mke wangu sebuleni kwenye cherehani. Yeye ni fundi wa nguo. Nikamweleza makro, taratibu, ili asichanganyikiwe. Akasema ahaa, karatasi ya kukatia. Unaichora mara moja, unakata nguo mia. Ameelewa ndani ya muda wa kutunga uzi kwenye sindano. Nimejisikia vibaya kidogo.

Kisha akauliza vipimo vya mteja navipata wapi. Nikamjibu kwamba sipimi mtu. Nakata kwa vipimo vilevile vilivyomo kwenye faili. Cherehani ikasimama. Akauliza, je, akija mtu mnene? Haji, nikamwambia. Mwembamba? Haji mtu yeyote, mke wangu, wanaokuja ni walewale. Akanitazama kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya. "Haya, baba. Akili nyingi huondoa maarifa." Cherehani ikaendelea.

Methali si hoja.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

INAFANYA KAZI!

Imechukua saa 19, si 3, lakini ona sasa: majibu 31 yameandikwa kabla sijamaliza kupenga kamasi. Na kwa kuwa kuwasilisha jibu mojamoja ni kazi ya karani, nimeandika makro ya pili ya kuwasilisha. Inasema: kama kutuma kumefaulu, basi nionyeshe matokeo ya kutuma. Fupi. Safi. Nimeipenda mwenyewe.

Kutuma yote 31 kwa mpigo ni kujitangaza mwizi. Nimetuma 9. Nilikuwa na 1, nimeongeza 9, hiyo ni 10.

Skrini ya ukutani imeandika 19.

Nimehesabu tena kwa vidole, chini ya meza. Kumi. Nikatazama skrini. Kumi na tisa. Digrii Mbili naye ana 19. Chai imempalia. Ameniuliza mara mbili nimefanyaje, nami nimemjibu kwamba wengine hatukubahatika kusoma, tunatumia akili tu.

Kuhusu zile 9 za ziada: mimi si mwenye kuhesabu. Skrini ndiyo inayohesabu. Mtu akipewa heshima asiyoiomba, adabu ni kunyamaza.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Nimetuma 22 zilizobaki.

Skrini: 63.

Kati ya 50.

Nimeomba dua isimame, lakini ilikuwa imeshasimama. Sitini na tatu kati ya hamsini! Mhasibu amepita akanipa hongera, na yeye ndiye mtu anayetegemewa kujua namba. Mwanamke wa mapokezi amesema siku zote alijua nina kitu. Nimeshukuru. Ningefanya nini?

Digrii Mbili ana 24. Amechukua kikokotoo akabonyeza, akakitikisa, akabonyeza tena.

Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Namna ya kushuka nitaifikiria kesho.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Siku mbaya. Naandika kwa ufupi kwa sababu inauma.

Saa mbili na nusu, mbele ya watu wote, Digrii Mbili ameuliza kwa sauti ya mtu asiye na nia mbaya: hivi mwanadamu anajibuje maswali 63 kati ya 50? Yeye anauliza tu. Anataka kujifunza. Mama Kalenda akainuka, akaja, akaitazama skrini, akanitazama mimi. Akasema tutalizungumza kesho, Jumatano, tarehe 12, saa tatu.

Nimechunguza. Kila jibu lililopita kwenye makro limeingia mara mbili. Ya ziada ni 31. Kuna kitufe cha kuondoa, dakika moja kwa jibu. Dakika 31 za kubonyeza kwa mkono, mtu mzima, na watu wanakuona! Hapana. Nimeandika makro ya kuondoa. Saa mbili tu. Inasema: kama kuondoa kumefaulu, basi nionyeshe matokeo ya kuondoa.

Nimeiendesha saa nane mchana. 63 toa 31 ni 32. Heshima yangu yote, bila harufu ya wizi.

Skrini: 1.

Moja! Imeondoa zile 31, ikarudi ikaondoa nyingine 31. Imebaki ile ya mkono tu, ya Jumanne iliyopita.

Hapo ndipo nimeelewa, na bora ningebaki mjinga. Makro haibebi jibu. Inabeba maneno yenyewe. Niliiandikia "kutuma" mahali pawili: mara moja nikiuliza kama kumefaulu, mara ya pili nikiomba matokeo. Basi ikatuma pale, ikatuma na pale. Ni kama kumwandikia mtu barua: "Kama umefunga mlango, niambie ulivyofunga mlango," naye, mtiifu wa ajabu, akafunga, akafungua, akafunga tena ili akuambie vizuri.

Mke wangu ameniuliza mbona sili. Nimemwambia nimeshiba. Kwa nini niseme uongo kwenye shajara yangu mwenyewe? Nimekula, sahani mbili. Lakini bila furaha.

Jumatano, tarehe 12 Machi

Saa tatu kamili, ofisini kwa Mama Kalenda. Nilikuwa nimeandaa hotuba yenye sehemu nne. Hakuihitaji. Amesema skrini ile ni ya kutia moyo tu, haimwajiri mtu wala haimfukuzi. Ijumaa tarehe 14, saa sita, ataendesha majibu ya kila mtu kwa namba mpya ambazo hakuna aliyeziona. Wateja hawaji na namba za kwenye faili, akasema. Wanene watakuja, na wembamba watakuja.

Mke wangu amempigia simu. Hakuna maelezo mengine.

Kwa hiyo hata nikizirudisha zile 31 ni takataka. Ukizipa 6 zinanyamaza. Nina 1. Nina siku mbili, na ya pili ni nusu. Mzee Haloo ameniona nikitoka, akaninong'oneza kwamba ameshaomba niletewe vipokea sauti vipya, vya zamani vinabana masikio. Roho nzuri kabisa. Nilitaka kumpiga.

Nimerudi mezani, nimekaa. Mara nasikia: "Ndugu yangu."

Nikageuka kutafuta ndugu yake. Alikuwa ananiita mimi. Digrii Mbili! Miaka mitatu tumekaa meza moja, leo nimekuwa ndugu. Akasogeza kiti, akashusha sauti. Ana 32. Amekwama hapo tangu asubuhi. Makro hazimwingii. Anazisoma, anazielewa, akianza kuandika zinamtoka. Anahitaji matatu tu. Akasema ameona ninashughulika na makro tangu wiki iliyopita, mtu wa kujituma.

Nikamuuliza kama hayo hawakufundishwa digrii ya pili. Akainama. Nikaona kola ya shati lake imelowa jasho, na nikakumbuka kwamba yeye dawati la simu hajawahi hata kuliona. Mimi angalau najua kiti kipi kinayumba.

Makubaliano: nimfundishe makro, anifundishe maswali ya mwanzo. Matatu kwake, kumi na kadhaa kwangu. Nimempunja. Hajui.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Kitu cha ajabu kimetokea. Najua makro.

Sikujua kama najua! Siku sita nzima sijafanya kingine chochote. Kila kosa linaloweza kufanywa na makro nimelifanya, mengine mara mbili. Swali la 36 linasema: andika makro ambayo haitekelezi agizo mara mbili. Machozi yamenilengalenga. Unalishika jibu kwanza, unalipa jina, kisha unalitumia jina hilo popote upendapo. Dakika nne.

Digrii Mbili alikuwa pembeni na daftari. Ananukuu! Mwenye digrii mbili ananukuu maneno yangu, na akakosea neno akalifuta vizuri kwa kifutio! Alipouliza kwa nini kuwe na jina la siri lisilogongana na majina mengine, nilimwambia atafakari kwanza. Nilikuwa natafakari mimi. Tumeliona pamoja.

Alinyakua matatu yake kabla ya saa saba mchana. Nikampa mengine mawili kwa raha tu. Ana 37.

Mimi, saa kumi: yote 18. Jumla 19. Yanahitajika 16, na muda ni kesho asubuhi. Nimekula sahani mbili, kwa furaha.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Tumeanza saa mbili. Digrii Mbili ameleta shuka.

Shuka la kitandani! Amelitandaza mezani, akaniambia nishike pembe. Orodha ni shuka hili, akasema. Kila mkunjo unachukua ulichonacho mkononi na kipande kinachofuata. Mwisho una kitu kimoja. Kutafuta jumla: unakunja. Kutafuta kubwa kuliko zote: unakunja. Kuhesabu wangapi: unakunja. Kumbe nusu ya maswali yale ni kukunja shuka tu! Hata kugeuza orodha, swali langu la saa nne na dakika ishirini, ni mstari mmoja. Akashauri nilibadilishe. Nikamwambia hilo haliguswi. Nililiandika kwa mkono wangu na jasho langu.

Saa tano na dakika arobaini: nimemaliza 16. Jumla 35! Nikaondoa mikono kwenye kibodi na kuinua juu. Akasema, fanya moja la akiba. Nikasema 35 ni 35. "Ndugu yangu, una dakika ishirini. Unazipeleka wapi?" Nimefanya moja ili anyamaze. 36.

Saa sita Mama Kalenda amebonyeza. Skrini ikaanza kuonyesha maswali yangu: kijani kwa lililofaulu, nyekundu kwa lililoanguka. La kwanza kabisa: nyekundu.

La kwanza! Lile la mkono! Amelijaribu kwa orodha tupu, isiyo na kitu ndani. Kanuni yangu imekwenda kumtafuta wa mwisho mahali pasipo na mtu, ikaanguka chali. Nikamshika Digrii Mbili mkono. Sijui kwa nini. Yeye naye akanishika. Kijani. Kijani. Tulisimama hivyo kama watu wanaosubiri nje ya wodi ya wazazi. Zote 18 za makro, kijani. Zote za kukunja, kijani.

35.

Nabaki! Mama Kalenda amesema hongera, tarehe 14. Mzee Haloo amekuja mlangoni kuuliza. Nilipomwambia, akafurahi kweli, akakimbia kurudisha kikapu chake kwenye kiti. Nyumbani mke wangu amecheka mpaka pini zikamtoka mdomoni, kisha akauliza nimejifunza nini. Nimemwambia nitafanya tathmini kwa utulivu.

Jumatatu, tarehe 17 Machi

Tathmini kwa utulivu.

Siku nane za kwanza zimeleta jibu 1, nalo limeanguka. Siku mbili za mwisho, na ya pili ikiwa nusu, zimeleta majibu 35, na yote yamesimama. Hizo ni 17 na nusu kwa siku. Hakuna mtu katika ofisi hii aliyefikia kasi hiyo. Digrii Mbili, kwa kuanza mapema kila asubuhi kama saa ya ukutani, amepata wastani wa 3 na pointi 7. Namba hazina upendeleo.

Pili, kitu pekee nilichokifanya kwa mkono, polepole, kwa uaminifu, ndicho pekee kilichoharibika. Hilo limejieleza.

Leo Mama Kalenda ametupa sisi wawili kazi ya kweli: sehemu 12 za programu ya ghala, kwa Mabano, siku kumi, mwisho Ijumaa tarehe 28. Digrii Mbili ameshafungua faili. Amependekeza tugawane sita kwa sita tuanze mara moja. Nimemwangalia kwa huruma. Digrii mbili, na hesabu ndogo kama hii imempita.

Nimemwonyesha kwenye karatasi. Kwa kasi ya 17 na nusu, kazi 12 hazifikishi hata siku nzima, lakini kasi yenyewe huja siku ya tisa. Kwa hiyo zangu naanza Alhamisi, tarehe 27. Siku nane za mwanzo naandika makro.